Darubini ya 12x50 kwenye boti, nichukue au niache?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi natoka sana na boti kuangalia ndege wa baharini, nimeazima darubini ya 10x50 lakini picha inacheza mpaka kichwa kinauma, ndege nikimpata sekunde mbili kashapotea. Rafiki yangu ananiambia ninunue 12x50 eti ndo inavuta zaidi. Navaa miwani pia. Nifanyeje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Huyo rafiki yako hapo kakupoteza kabisa. Ile namba ya kwanza ndo ukuzaji, na darubini haikuzi ndege peke yake, inakuza na mtikisiko wote wa mkono wako na boti, kwa hiyo kama 10 inakusumbua basi 12 itakutesa zaidi, halafu eneo unaloliona linazidi kuwa dogo na ndege anayekata kati ya mawimbi hutamwona tena. Shuka, usipande. Chukua 7 au 8.

Mabaharia wengi wanatumia 7x50 na wana sababu. Gawa 50 (upana wa lenzi ya mbele kwa milimita) kwa 7 unapata kama milimita 7, huo ndo upana wa mwanga unaotoka upande wa jicho, sasa hata boti ikirukaruka jicho lako halitoki nje ya mwanga kirahisi. Ubaya wake ni nzito, nyingi zinafika kilo moja hivi, na nyingi kila jicho unalirekebisha kivyake, ni poa kwa meli ya mbali ila ndege akija karibu ghafla utahangaika. Mimi kwa ndege ningechukua 8x42 yenye gurudumu moja la katikati linalorekebisha macho yote mawili kwa pamoja, ni nyepesi na mwanga wake wa milimita 5 na kidogo unatosha mchana.

Zipo pia za kutuliza picha kwa betri, kama Canon 10x42L IS, hizo kweli unaweza kwenda na 10 au zaidi, lakini bei imechangamka na betri zikiisha umebaki na mzigo tu shingoni.

Kwa miwani uliza umbali wa jicho, yaani jicho linaweza kukaa mbali kiasi gani na lenzi ya nyuma na bado ukaona picha nzima, usikubali chini ya milimita 15, na ujaribu ukiwa umeivaa hiyohiyo miwani yako. Iwe haiingii maji na imejazwa naitrojeni ndani isipate ukungu. Za zoom, zile unazobadilisha ukuzaji, achana nazo, hata usizishike.

Ukiwa kwenye boti simama katikati, kunja magoti kidogo, viwiko vibane kifuani, usiegemee chuma maana mtetemo wa injini unapanda mpaka kwenye lenzi. Mtafute ndege kwa macho kwanza, usimwachie macho, ndo upandishe darubini.

Ukirudi isuuze kwa maji yasiyo na chumvi kabla hujafuta chochote (kama ni ile isiyoingia maji lakini), chumvi iliyokauka ukiisugua na kitambaa inachubua lenzi.