Nimeomba Vesta, nikaletewa Mirihi

SWALI: Nimeandika 4, namba ya asteroidi Vesta, kwenye Horizons (huduma ya mtandaoni ya NASA ya kukokotoa yalipo magimba ya angani) nipate ilipo. Imekuja Mirihi, tena safu za azimuthi (uelekeo kutoka kaskazini) na kimo (urefu juu ya upeo wa macho) zimejaa "n.a." (haipo).

JIBU: Namba 4 tupu ni ya mfumo wa Mirihi. Andika "4;" kwani nukta mkato ndiyo huonyesha unataka gimba dogo, kama asteroidi.

Hizo "n.a." zimetokana na kituo cha mtazamaji: umekiacha katikati ya Dunia (500), na huko hakuna upeo wa macho. Weka longitudo, latitudo na mwinuko wako. Mwinuko ni kwa kilomita, kwa hiyo Nairobi ni 1.7, si 1700! Kwenye mipangilio ya jedwali chagua safu namba 1 (mahali kati ya nyota), 4 (azimuthi na kimo) na 9 (mng'ao). Saa ni za UT (saa za dunia). Ongeza 3 upate za Afrika Mashariki.