Kadi ya PCIe inaonekana kwenye lspci, lakini kila rejista inasomeka 0xffffffff

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba lspci (amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI) inaiona kadi yako pamoja na namba za mtengenezaji wake, ilhali kila rejista unayoisoma kupitia BAR 0 (rejista ya kadi inayobeba anwani ambapo eneo lake la kumbukumbu huanzia) inarudisha 0xffffffff. Nilikwama papo hapo kwa muda wa wiki mbili hivi, nilipokuwa nikihamishia kerneli ya Linux kwenye bodi ya ARM yenye kidhibiti cha PCIe cha DesignWare, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Kuonekana kwa kadi kwenye lspci kusikupe matumaini makubwa. Ndani ya kidhibiti hicho mna kitengo kiitwacho iATU, ambacho hupokea anwani iliyotolewa na prosesa na kuigeuza kuwa anwani ya basi la PCI. Kila dirisha la kitengo hicho, yaani eneo la anwani linalogeuzwa, huwekewa mwanzo, kikomo, anwani lengwa na aina ya ombi. Maombi ya usanidi, ambayo ndiyo lspci huyatumia, yana dirisha lao, na maombi ya kumbukumbu yana lao. La kwanza laweza kuwa sawa kabisa huku la pili likipeleka maombi mahali pasipo na kifaa chochote. Hapo ombi la kusoma hurudi na biti zote zikiwa 1, au kwenye baadhi ya bodi za ARM huiangusha kerneli, na ombi la kuandika hupotea kimya kimya, kwa sababu uandishi wa kumbukumbu kwenye PCIe hausubiri jibu.

Kwangu, dirisha la MB 256 lilianzia 0x40000000 upande wa prosesa, na faili la DTS, linaloieleza kerneli vifaa vya bodi, lilisema kwamba upande wa basi lianzie 0xc0000000. Kerneli iliitii DTS na kuiandikia BAR ya kadi 0xc0000000, lakini draiva yangu ya kidhibiti iliweka 0x40000000 kwenye rejista ya anwani lengwa, kwa kuwa nilinakili anwani ya prosesa mahali palipohitaji anwani ya basi. Kadi ilisubiri kuitwa kwa anwani moja, kidhibiti kikaita kwa nyingine.

Ili ujue kama nawe umepatwa na hili, tafuta kwenye dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli) mstari wa «root bus resource»: anwani mbili zikitofautiana, ile ya basi huandikwa kando baada ya maneno «bus address». Kisha endesha lspci -v, halafu lspci -v -b. Ya kwanza huonyesha anwani kama kerneli inavyoziona, ya pili kama kadi inavyoziona. Linganisha hizo na thamani zilizomo ndani ya rejista za iATU zenyewe, si na zile unazodhani uliziandika. Kikomo ni anwani ya baiti ya mwisho, yaani mwanzo jumlisha ukubwa kutoa 1, na biti ya kuwasha dirisha isomwe tena hadi ionekane imewaka kabla ya kutuma ombi lolote.

Nilipolirekebisha hilo nilisherehekea mapema mno. Kadi ilifanya kazi, ila mara chache pakiti ilifika ikiwa na takataka. RAM ya bodi ilianzia 0x80000000 ikaishia 0xffffffff, na kwa DMA, yaani kadi inaposoma na kuandika RAM yenyewe bila prosesa, kadi iliiona kwa anwani hizo hizo. BAR yangu ya MB 16 iliyokaa 0xc0000000 ilikuwa basi juu ya anwani za RAM, na daraja la PCI halipandishi juu ombi linaloangukia ndani ya dirisha lake lenyewe, kwa kuwa hulihesabu kuwa la kifaa kilicho chini yake. Bafa iliyobahatika kuangukia sehemu hiyo, ambayo ni 1 kati ya 128 ya RAM yote, haikuandikwa kamwe. Nilihamisha upande wa basi kwenye mstari wa ranges wa DTS hivi, na tatizo likaisha:

ranges = <0x02000000 0x0 0x20000000 0x40000000 0x0 0x10000000>;

Seli ya kwanza ni aina (kumbukumbu ya biti 32), mbili zinazofuata ni anwani ya basi, ya nne ni anwani ya prosesa, na mbili za mwisho ni ukubwa.

Mwelekeo wa kuingia, yaani kutoka kadi kwenda RAM, huelezwa na mstari mwingine wa DTS, dma-ranges, nao haufanani na wa kutoka. Raspberry Pi 4 ya matoleo ya mwanzo ni mfano ulio wazi: dma-ranges yake huishia GB 3, kwa sababu PCIe yake haifiki juu ya hapo. Ndiyo maana draiva ya kadi haipaswi kuikabidhi kadi matokeo ya virt_to_phys, ambayo ni anwani ya RAM kwa macho ya prosesa. Tumia dma_map_single na uichukue anwani inayorudishwa kama ilivyo. Vivyo hivyo, usisome BAR kwa mkono kisha ukaipitisha kwenye ioremap, ambayo hutaka anwani ya prosesa, bali tumia pci_iomap.

Weka hapa mstari wako wa ranges na ule wa dmesg, pamoja na anwani inapoanzia RAM ya bodi yako, tuvitazame.