Kabla ya kununua mche, tembea avenyu yako mwezi wa tisa

Nilipohama Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuja Lubumbashi huku kusini, nilileta maua yangu, hotensia nne, ndani ya makopo ya maziwa ya unga. Kwetu unachomeka kijiti tu, kinashika. Nilifika Desemba, mvua zikinyesha, hotensia zikatoa majani mapana mpaka nikajiona fundi.

Aprili mvua zikakatika. Nikangoja zirudi. Juni baridi ya usiku ikababua ncha za majani, Agosti nikawa nabeba ndoo mbili kila jioni wakati hata maji ya kupikia ni ya kutafuta. Septemba joto likamaliza kazi. Jirani yangu, mama mtu mzima, akachungulia juu ya ukuta: "Mama, maua hayo ni ya kwenu. Hapa panda kinachojua kiu."

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba miji yote miwili ni ya juu na ya baridi kidogo, basi itafanana. Lakini mvua hufuata jua. Bukavu, karibu na ikweta, inapitiwa na mvua mara mbili kwa mwaka, na kiangazi chake ni kama miezi mitatu tu. Huku kusini mvua zinakuja mara moja, Novemba hadi Aprili hivi, basi.

Kwa hiyo usichague mche Januari, kila kitu ni kijani. Zunguka mtaani Septemba uone kilichosimama bila mtu kukimwagilia: miembe, bogenvilia, jakaranda iliyojaa zambarau kabla hata tone halijaanguka. Franjipani utaikuta uchi kabisa, bila jani. Usiing'oe! (Mimi niling'oa moja.) Imelala tu.

Ukishachagua, ngoja mvua zishike ndipo upande, ili mizizi ipate miezi ya kushuka chini. Shimoni changanya samadi na udongo wa kichuguu uliopondwa; unashika maji. Mpapai unaogopa baridi, uweke upande wa kaskazini wa nyumba, maana Juni jua letu linapita huko.

Mboga ni rahisi zaidi: lengalenga wakati wa mvua, nyanya wakati wa kiangazi kama una kisima, kwani mvua zinaziletea ukungu.

Hotensia moja bado ninayo, kivulini kando ya jiko, inakunywa maji ya kuoshea mchele. Zile tatu jirani aliziomba zikiwa zimekauka, akawashia mbabula, jiko lake la makaa.