Tiba ya jeni ya tezi dume: je, baba anaifaa?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Sindano za homoni zilimsaidia, lakini sasa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, inapanda tena. Ndugu yetu aliye Marekani anasema kuna tiba ya jeni inayolenga saratani tu. Inafanyaje kazi? Tuuze shamba?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Shamba msiuze kwanza.

Nadhani ndugu yenu amesikia habari za CAN-2409, ambayo matokeo yake yalitangazwa Desemba 2024. Daktari huchoma ndani ya tezi dume kirusi cha adeno kisichoweza kuzaliana, kilichobebeshwa jeni ya kirusi cha hapesi. Seli zikiipokea hutengeneza kimeng'enya kiitwacho thaimidini kinesi. Kisha mgonjwa humeza valasaikloviri, dawa ile ile wanayopewa wenye mkanda wa jeshi. Ndani ya seli zenye kimeng'enya hicho dawa hugeuka sumu, hujipachika kwenye DNA seli inapojigawa, na seli hufa. Mabaki yake huamsha kinga ya mwili.

Katika jaribio la wanaume 745, tiba hii ikiongezwa kwenye mionzi ilipunguza kwa asilimia 30 hatari ya saratani kurudi au mgonjwa kufariki. Si haba. Ila wote hao saratani yao ilikuwa haijasambaa, na ya baba imeshafika mifupani. Tena bado ni tiba ya majaribio.

Kinachomhusu baba ni kupimwa jeni, hasa BRCA2. Saratani ambayo BRCA yake imeharibika imepoteza njia moja ya kukarabati DNA. Vidonge vya olaparibu huziba njia nyingine, na seli inashindwa kuendelea kuishi. Hii si tiba ya jeni, maana haiingizi jeni yoyote mwilini. Kwa wanaume wenye kasoro kwenye jeni za BRCA1, BRCA2 au ATM ambao dawa za homoni zilikuwa zimegoma, nusu yao walimaliza zaidi ya miezi 7.4 bila ugonjwa kusonga mbele. Waliobadilishiwa tu dawa ya homoni, 3.6. Haiponyi, na ni ghali.

Mwulizeni daktari wake kama kile kinyama kilichokatwa wakati wa kuthibitisha saratani bado kipo maabara, maana kinaweza kupimwa. Kisipofaa, damu hutumika. Kasoro ikionekana kuwa ya kurithi, nanyi watoto mpimwe, dada zako wakiwemo: BRCA hiyo hiyo huleta saratani ya matiti na ya ovari.