Membe: alihama au alifukuzwa?

Mkuu, umeuliza kama marehemu Bernard Membe alihama CCM kwa hiari. Hapana, alifukuzwa. Kamati Kuu ilimvua uanachama tarehe 28 Februari 2020. Siku hiyo hiyo makatibu wakuu wa zamani wa chama nao waliamuliwa: Abdulrahman Kinana alipewa karipio na mzee Yusuf Makamba akasamehewa.

Huku Lindi tulimjua kama mbunge wa Mtama, 2000 hadi 2015, na waziri wa mambo ya nje tangu 2007. Mtu mpole wa maneno, wa kidiplomasia, si wa kurusha mawe jukwaani. 2015 aliingia tano bora ya waliotaka kugombea urais kupitia CCM, akaishia hapo. Ndiyo maana 2020 ilitushangaza: mtu kama yule kugoma kuinama!

Julai akajiunga na chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo, akapitishwa kugombea urais. Hapa ndipo penye utamu. Kampeni zikielekea ukingoni, viongozi wa ACT, Maalim Seif na Zitto, wakatangaza kumuunga mkono Lissu, mgombea wa Chadema, naye Membe akasema mgombea halali wa chama ni yeye, hajitoi. Yaani kavigomea vyama viwili ndani ya mwaka mmoja! Kura alizopata ni 81,129 nchi nzima. Binafsi naona pale alikosea hesabu. Bila chama nyuma yako hata mawakala wa vituoni huwapati.

Januari 2021 akaondoka ACT, 2022 akarudishiwa kadi ya CCM. Alifariki 12 Mei 2023, akazikwa kwao Chiponda, kule Rondo.