Seli zafa, chache zang'aa

SWALI: Shikamooni wahariri. Maabara yetu hapa Bagamoyo inatengeneza protini ya kimelea cha malaria ndani ya seli za HEK293 (seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabara), ili tuone kama kingamwili za kwenye damu zinaitambua. Kwenye sahani ya visima 24 naweka nanogramu 500 za plazmidi (duara la DNA lenye jeni) na mikrolita 4 za kitendanishi cha lipidi, mafuta ya kuingizia DNA ndani ya seli, seli zikiwa zimefunika asilimia 40 ya kisima. Kesho yake nyingi zimebanduka, zinaelea. Zilizobaki, chache tu zina kijani cha GFP, protini inayong'aa kuonyesha kwamba DNA imeingia. Umeme ulipokatika, chupa ya kitendanishi tuliihamishia kwenye friza.

JIBU: Marahaba. Chupa hiyo itupe. Lipidi hizi hukaa nyuzi 4 na hazigandishwi. Zikiganda hushikamana, na kuyeyuka hakuzirudishi zilivyokuwa. Umeme ukikatika, deli la barafu kama la wachuuzi wa samaki linatosha, mradi chupa isigusane na barafu.

Ila hata kwa chupa mpya, mikrolita 4 ni nyingi mno. Lipidi ina chaji chanya, ndiyo maana inainasa DNA na kung'ang'ania utando wa seli; ikizidi, huutoboa utando huohuo. Jaribu mikrolita 1, 1.5 na 2, na kisima kimoja kipate lipidi bila DNA. Hicho nacho kikifa, usiisingizie plazmidi. Seli nazo zisubiri zifike asilimia 70 hadi 90: zikiwa chache, kila moja hubeba dozi ya wenzake.

DNA itie kwenye mikrolita 25 za midia (maji ya kulishia seli) isiyo na seramu (majimaji ya damu), lipidi kwenye 25 nyingine, changanya, subiri dakika 10 hadi 15, dondoshea kisimani. Wengi huteleza hapa kwa kutumia midia yenye seramu. Protini zake zina chaji hasi, huiwahi lipidi kabla ya DNA. Kisimani kwenyewe, kwa vitendanishi vingi vya sasa, seramu haina neno. Antibiotiki ziache siku hiyo. Utando uliolegea huziingiza kwa wingi.

GFP iking'aa lakini protini ya malaria isionekane, tazama jeni. Jenomu ya Plasmodium falciparum ni takriban asilimia 80 herufi A na T za DNA, na seli ya binadamu husoma kodoni zake (herufi tatutatu zinazotaja asidi amino) kwa taabu. Agiza jeni iliyoandikwa upya kwa kodoni za binadamu, asidi amino zikibaki zilezile. Halafu kagua sukari: HEK293 huzibandika kwenye protini mahali ambapo kimelea hakibandiki, na kingamwili inaweza kukosa pa kushika.