Ukifika nchi ya ndoto, uliza kwanza choo kiko wapi

Miaka michache iliyopita niliandika hadithi ya Dar es Salaam ya mwaka 2100. Kulikuwa na daladala zinazopaa juu ya Ubungo, miembe imejaa Kariakoo nzima, na hakuna anayelala njaa kuanzia Mbagala hadi Bunju. Niliipenda kuliko ilivyostahili. Jumamosi moja usiku umeme ukakatika, wapangaji wote tukatoka kukaa barazani, nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Nikawasomea kwa tochi ya simu.

Nilipomaliza walipiga makofi ya kunistahi. Kisha mzee mmoja wa chumba cha mwisho, ambaye kazi yake ni kuendesha gari la majitaka, akakohoa kidogo.

"Mwanangu, hadithi nzuri. Sasa hao watu wako, vyoo vyao wanatapishia wapi?"

Kicheko kilisikika nyumba ya tatu. Anayeishi Dar anajua: masika yakianza, kuna watu wanaovizia mvua ya usiku watapishe vyoo kwenye mtaro, na asubuhi sote tunakunja suruali kuelekea kituoni, kila mtu akijifanya hajui yale maji yametoka wapi. Mji wangu wa watu mamilioni haukuwa na hata shimo moja. Nikabaki nasema, "Shikamoo mzee," maana sikuwa na jibu lingine.

"Marahaba. Lakini hujajibu."

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma vitabu vya nchi za kufikirika kwa swali lake, na ndilo ninalowapa wanaoniuliza waanze vipi na riwaya za aina hii. Ukikaribishwa katika nchi isiyo na dosari, usikimbilie ikulu. Zunguka uani, ingia jikoni, uliza nani anazoa.

Jaribu kwa Muingereza Thomas More. Kitabu chake *Utopia* kilichapishwa Leuven mwaka 1516 kwa Kilatini, na jina lenyewe alilitunga kutoka Kigiriki, maana yake mahali pasipokuwepo. Wakazi wa kisiwa hicho hufanya kazi saa 6 kwa siku, mali ni ya wote, na milango yao haifungwi kwa kufuli. Dhahabu wameidharau kiasi cha kuifanya vyombo vya kujisaidia usiku. Mara ya kwanza nilipofika hapo nilicheka peke yangu ndani ya mwendokasi, dada niliyebanana naye akasogea kidogo. Mara ya pili, nikiwa na swali la mzee kichwani, sikucheka. Vyombo hivyo asubuhi vinamwagwa na nani?

Nikaanza kupekua. Kumbe kisiwani kuna watumwa. Kazi nzito na chafu za mabwalo ya chakula ni zao. Wanyama huchinjwa nje ya mji, na wachinjaji ni watumwa, eti raia wasije wakazoea damu wakapoteza huruma. Minyororo yao ni ya dhahabu ileile ya vyombo vya usiku. Basi zile saa 6 za raia zina watu chini yake, na nilikuwa nimewapita kana kwamba ni mashina ya miti. Sisemi More hakujua anachofanya. Msimulizi wa habari hizo amempa jina ambalo kwa Kigiriki ni kama kumwita muuza porojo, kwa hiyo usimsome kwa uso wa kukunja kama anakuandikia katiba.

Kwa waliomfuata sikai sana. Mtawa wa Kiitaliano Tommaso Campanella aliuandika mji wake wa jua akiwa gerezani Naples mwaka 1602, na pamoja na kumwonea huruma, mji wenyewe unaniudhi: hata nani azae na nani hupangwa na wakubwa. Kitabu cha Muingereza Francis Bacon, *New Atlantis*, kilichotoka mwaka 1627 yeye akiwa ameshafariki, kina kisiwa cha watafiti na maabara. Kisome siku ukiwa na subira.

Ninachosisitiza ni kuvisoma vitabu hivi viwiliviwili, hasa vile vinavyogombana. Mwaka 1888 Mmarekani Edward Bellamy alitoa *Looking Backward*, hadithi ya mtu aliyelala Boston mwaka 1887 akaamka mwaka 2000, akakuta watu wananunua kwa kadi bila kushika pesa. Bellamy swali la mzee wetu amelijibu: kazi ngumu au isiyopendwa, saa zake zinapunguzwa mpaka apatikane wa kuitaka. Ni jibu la kihasibu, nami nalipenda. Muingereza William Morris akalichukia, akaona nchi ile ni kambi ya jeshi tu, na mwaka 1890 akajibu kwa *News from Nowhere*. Kwake kazi yenyewe ni raha, mtu hufanya kwa mapenzi. Na jengo la Bunge la London? Limegeuzwa soko na ghala la samadi. Nilipomsomea mzee kipande hicho alinyamaza, kisha akasema huyo bwana angalau anajua uchafu una thamani, mashambani wanaununua.

Ila mwenye jikoni ni Rokeya Sakhawat Hossain. Huyu ni mwanamke wa Kiislamu wa Bengal, na hadithi yake fupi *Sultana's Dream* ilitoka mwaka 1905 katika gazeti la Madras. Katika nchi yake wanaume ndio wanaokaa ndani, wanawake wanaendesha mambo, na maprofesa wanawake wamebuni namna ya kuvuna joto la jua na maji ya mawinguni. Mgeni anapopelekwa jikoni hakuti moshi, hakuti mkaa. Wanapikia jua. Mama yangu amepikia mkaa maisha yake yote, ukimsikia anavyokohoa alfajiri utaelewa kwa nini ukurasa ule niliusoma mara tatu. Ndani ya kurasa chache alifika mahali ambapo wanaume wenye vitabu vinene hawakukanyaga. Na bado nina ugomvi naye: waliofungiwa wamebadilishwa tu. Najua ni kejeli, na kejeli yenyewe inauma panapostahili, lakini swali haliachi mtu.

Kosa langu kubwa nilipoanza lilikuwa kujitia msomi. Nilimwanza Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, nikiamini mambo lazima yafuatane na karne. Tulikuwa kikundi cha watu saba, tukikutana Sinza kila wiki mbili. Kufikia mkutano wa tatu tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa amefuata chipsi. Usinifuate huko. Anza na Shaaban Robert. *Kusadikika* kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, nacho kinahusu nchi inayoelea angani, ambako kijana Karama anashitakiwa na waziri aitwaye Majivuno kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia wajumbe waliotumwa pande zote kutafuta mema, wakarudi nayo, wakatiwa gerezani. Wengi tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, tukakariri tamathali za semi, tukafunga. Kifungue tena. Nimetafuta choo humo sijakiona, kitabu kizima kiko mahakamani, lakini wa kubebeshwa uchafu wa nchi yupo wazi: ni mjumbe aliyerudi na habari.

Ukitoka hapo nenda kwa Katama Mkangi wa Kenya, *Walenisi*, cha mwaka 1995. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa angani kwenye chombo ili akaangamie huko, anaangukia nchi ya watu walio sawa. Tamka jina la nchi polepole: wale ni sisi. Mimi hapo nilisimamisha kusoma nikaenda kunywa maji.

Kuhusu kuvipata: vya Kiswahili nenda Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi kabla hujatoa hela, kisha pitia wauza vitabu vya mitumba wa katikati ya mji. Kwao usitaje jina la kitabu kwanza, bei itapanda. Inama, pekua, shika vitatu usivyovitaka. Vya zamani vya Kiingereza kama More, Bellamy na Morris havina tena hakimiliki, vinapatikana bure mtandaoni, simu ya kawaida inavisoma. Na kama Kiingereza kinakusumbua usijione mnyonge: Muingereza mwenyewe More anamsoma kwa tafsiri.

Nunua daftari dogo. Kila nchi unayotembelea andika anayepika, anayebeba, anayelea, na anayekula bila kufanya lolote kati ya hayo. Mwandishi akikaa kimya, andika pia hilo. Daftari langu la Plato lina ukurasa mmoja, ambao nusu yake ni hesabu ya zile chipsi.

Ukitaka kuandika ya kwako, usianzie juu kama nilivyofanya mimi. Sisi tunaishi ndani ya jina la ndoto ya mtu mwingine: Sultan Majid wa Zanzibar alikuja karibu na kijiji cha Mzizima miaka ya 1860, akaanza kujenga mji wa salama, akafariki mwaka 1870 haujakamilika. Ndoto ya kuanzia ipo tayari, inavuja mtaroni.

Hadithi yangu nimeiandika upya. Sasa inaanza saa nne usiku, mwaka 2100, dereva wa gari la majitaka anasubiri zamu Vingunguti. Mwezi uliopita nilimpa mzee nakala. Aliirudisha baada ya siku mbili, imekunjwa mara nne, ina alama moja tu ya kalamu ya risasi, pale dereva anapovuta mpira kutoka garini hadi uani.

"Ule mpira hauvutwi na mtu mmoja," akasema. "Utamuua."

Nimemwongezea utingo. Sasa mzee anataka kujua utingo analipwa shilingi ngapi.